Kutoka vitabu vya watoto vya mchapishaji hadi riwaya ya watu wazima ya kujichapishia: kwa wanaofikiria kuhama

Kalamu ya Langoni (Amu), mwanzisha uzi

Assalaam alaykum, wadau.

Kwa miaka mingi nimeandika vitabu vya watoto chini ya wachapishaji wa Nairobi, na sasa nimetoa riwaya ya watu wazima kwa mfuko wangu mwenyewe hapa Amu (Lamu). Waandishi wenzangu wa Malindi, Mombasa na Unguja wananiuliza mambo yale yale faraghani, basi nayaweka hapa kila mtu ayaone. Uzi ni mrefu. Mwenye swali aulize, na mwenye kujua zaidi aongeze.

Mtu anayehama huwa amejiandaa kubadilisha urefu wa kitabu, lugha na wahusika. Hayo yapo na yana kazi yake. Jambo linalomkuta bila kutarajia ni kwamba mnunuzi wake wa jana hayupo tena, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Tazama hadithi ya darasa la nne inavyomfikia mtoto wa Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani. Mswada hukubaliwa na mchapishaji, huhaririwa, hupelekwa KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, kutathminiwa, na ukipita huingia kwenye ile orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa ambayo walimu tunaiita Orange Book. Mwalimu huchagua humo, mzazi hupewa orodha mwanzo wa mwaka, naye huenda dukani. Vitabu vya kiada ndivyo zaidi, maana tangu 2018 serikali huvinunua moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvisambaza shuleni. Katika safari yote hiyo mtoto hakuulizwa, na mwandishi hakuuza hata nakala moja kwa mkono wake. Unaweza kusomwa kaunti nzima usimjue msomaji wako hata mmoja.

Riwaya ya watu wazima haina mlango huo, ila ikiteuliwa kuwa kitabu cha fasihi cha sekondari, na zinazoteuliwa ni chache mno. Ndiyo maana mchapishaji akipokea riwaya ya Kiswahili hujiuliza kwanza kama itafaa shuleni. Ikiwa mna talaka isiyosuluhishwa, au mtu dhalimu anayekufa bila kujuta, mswada hurudi na maelezo ya kulainisha. Siwalaumu. Wana mishahara ya kulipa na soko lao ni shule. Lakini kitabu changu kinahusu wake wa wavuvi tangu bandari ya Lamu ilipoanza kujengwa upande wa bara hadi gati ya kwanza ilipofunguliwa 2021, na nilitaka mambo yasemwe kama yanavyosemwa jikoni na barazani. Hilo ndilo lililonifanya nijichapishie. Pesa ilikuja baadaye katika hesabu zangu.

Kwa hiyo neno langu kwa anayehama ni hili: kabla ya kutafuta mpiga chapa, tafuta wasomaji. Watafute mmoja mmoja, uwajue kwa majina na kwa simu zao, maana hakuna taasisi itakayokununulia kitabu kwa niaba yao.

Mimi nilianza na mswada wenyewe. Sikuupeleka kwa waandishi peke yao. Aliusoma muuguzi, akausoma mama anayeuza nguo Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, na mvuvi wa Kipungani akasoma sehemu zote za bahari, kuhakikisha jarife (wavu) na dema (mtego wa samaki) vinatumiwa mahali pake na upepo unavuma upande unaopasa kwa majira yale. Hao ndio waliokuja kuwa wauzaji wangu wa kwanza. Mtu akishakusaidia kitabu, hukisema kama chake.

Sasa mikataba. Kabla hujafanya lolote, toa mikataba yako ya vitabu vya watoto uisome upya, neno kwa neno. Mchapishaji anaweza kuwa na haki ya kuuona kwanza mswada wako unaofuata, na kifungu hicho mara nyingine hakisemi kama ni mswada wa watoto tu. Kunaweza pia kuwa na kifungu cha kutoshindana na vitabu ulivyompa. Wahusika nao: ikiwa umeuza haki zote za mfululizo wa watoto, usimchukue yule msichana wa kitabu cha tatu ukamfanya mama mtu mzima ndani ya riwaya yako bila ruhusa ya maandishi. Michoro ndiyo usiiguse kabisa. Ni ya mchoraji au ya mchapishaji. Na tazama kinachosemwa kuhusu kitabu kilichoisha chapa, maana mikataba mingine hukurudishia haki ukiomba, na kitabu cha zamani kilichorudi mkononi ni mtaji.

Hesabu tuifanye kwa mfano. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 500. Duka likichukua asilimia 30 zinabaki 350. Mrabaha wako, yaani fungu analokulipa mchapishaji kwa kila nakala, ukiwa asilimia 10 ya kinachobaki, unapata 35, na unalipwa mara moja au mbili kwa mwaka. Ukijichapishia, na tuseme chapa imekugharimu 200 kwa nakala, zinabaki 150 baada ya duka kuchukua chake. Watu wakiona 150 kando ya 35 macho huwatoka. Humo ndani ya 150 mna mhariri, msahihishaji, mpanga kurasa, mchora jalada, nauli ya katoni, nakala za bure, na nakala zitakazokaa chini ya kitanda. Ile 35 ilikuwa yako safi, bila kubeba hatari yoyote.

Na hapa niwape wachapishaji haki yao. Mhariri wa vitabu vya watoto alikuwa akinishika mkono bila mimi kuhisi. Alijua sentensi ya darasa la pili isizidi urefu gani, alijua mnyama aliyetajwa ukurasa wa 4 amegeuka jinsia ukurasa wa 19. Ukiwa peke yako, mtu huyo lazima umtafute na umlipe, kwa sababu riwaya ya maneno elfu sitini ina mahali pengi zaidi pa kujikwaa kuliko hadithi ya maneno elfu tatu. Mhariri wa kazi yenyewe, yaani anayekwambia sura hii haina kazi, na msahihishaji wa herufi na alama, ni watu wawili tofauti. Kama fedha ni chache, punguza kwenye jalada la kumetameta, usipunguze hapo.

Uandishi wenyewe ulinipa furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu. Katika vitabu vya shule kila neno la Kiamu, lahaja yetu, lilisawazishwa, na inaeleweka, mtoto wa Kitui naye anapaswa kukisoma. Kwenye riwaya msimulizi wangu anasema Kiswahili sanifu, lakini bibi akifungua kinywa anasema *ndia*, *nti* na *mato* (njia, nchi na macho), kama bibi zetu wanavyosema. Sikuweka faharasa. Msomaji wa Kisumu atafuata kwa muktadha, na msomaji wa Shela ataisikia sauti ya nyumbani kwao. Jambo la pili ni mwisho wa hadithi. Kitabu cha watoto kinadaiwa mwisho unaofundisha. Mtu mzima anaweza kuachiwa swali, na ilinichukua muda kuuzoea uhuru huo, maana kalamu yangu ilikuwa imezoea kumpatanisha kila mtu ukurasa wa mwisho.

Ya kisheria ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Namba ya ISBN, ile inayotambulisha kitabu, hapa Kenya hutolewa na KNLS, Huduma ya Maktaba ya Taifa. Nakala ya karatasi na ya kielektroniki kila moja inataka namba yake. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, na hudumu maisha yako na miaka 50 baada yake. Kusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, si lazima, ila husaidia ukipata mgogoro. Ukishachapa, nakala mbili ni za Msajili wa Vitabu na Magazeti.

Usafiri nauweka wa mwisho kwa sababu unatuhusu sisi wa visiwani zaidi. Vitabu vyangu vilichapwa bara, vikaja kwa basi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Ndani ya kila katoni agiza vitabu vifungwe nailoni, kwa mafungu madogo, si katoni peke yake. Wakati wa kusi bahari ni chafu na maji ya chumvi hayajui kwamba hiki ni kitabu. Nyumbani visilale sakafuni wala visiegemee ukuta wa matumbawe, unyevu hupanda. Weka juu ya mbao, acha hewa ipite.

Nimemaliza la kwangu. Karibuni.

Kijana wa Malindi

Shikamoo mwalimu. Nimeusoma mara mbili. Mimi nina vitabu viwili vya watoto kwa mchapishaji mmoja, na mswada wa riwaya kuhusu vijana wa ufukweni hapa Malindi na nyumba za Wataliano. Nina maswali mawili. Je, nianze na Amazon ili niepuke gharama ya kuchapa? Na jina: nitumie hili hili lililo kwenye vitabu vya watoto? Riwaya yangu ina mambo ambayo sitaki mwanafunzi wa darasa la tano ayakute.

Riwaya Pendwa (Dar)

Mkuu wa Malindi, la Amazon naomba nilijibu, nimepita huko.

Kitabu cha kielektroniki wanakupa asilimia 70 kikiwa na bei kati ya dola 2.99 na 9.99, nje ya hapo ni asilimia 35. Lakini hiyo 70 ni kwa wanunuzi wa nchi zilizo kwenye orodha yao tu. Kwa mauzo ya Marekani, Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na nchi ile, kwa hiyo asilimia 30 ya mrabaha hukatwa kabla haujakufikia. Halafu soma orodha ya lugha wanazozikubali kabla hujapoteza wiki kupanga faili. Kwa kitabu cha karatasi, ukitaka wakupe ISBN ya bure wanakupa, ila haiwezi kutumika mahali pengine. Na msomaji wako wa Malindi hana kadi ya benki ya kununulia huko, ana M-Pesa. Kwa riwaya ya Kiswahili, mimi ningeifanya Amazon iwe ya ndugu zetu walio ughaibuni, isiwe duka lako kuu.

Na dada wa Amu, nikuongezee historia. Huku kwetu kujichapishia riwaya za watu wazima si jambo geni hata kidogo. Mwandishi Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake ya uchapishaji, Heko, akawapa watu riwaya za mpelelezi Joram Kiango. Riwaya za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa kwenye vibanda vya magazeti na stendi za mabasi, mahali ambapo msomaji yupo na ana dakika za kusubiri. Leo stendi hiyo ni WhatsApp. Mimi natoa sura tano bure kwenye kundi, kisha anayetaka kuendelea analipia kwa simu, anapata sura kila jioni. Nikimaliza, wale wale wananunua kitabu cha karatasi, kwa sababu wanataka kukimiliki.

Kalamu ya Langoni (Amu)

Ahsante sana kaka. Nairobi nako mwandishi David Maillu alianzisha kampuni yake, Comb Books, mwanzoni mwa miaka ya 1970 akajichapishia vitabu vya watu wazima, vikauzwa sana. Huko kwenu Tanzania vilipigwa marufuku. Baadaye akaandika na vya watoto. Yeye alikwenda njia hii kwa kuanzia upande wa pili, na kila nikisikia mtu akisema mwandishi lazima achague upande mmoja, humkumbuka.

Kijana wangu, marahaba. La jina nitalijibu, ila ningependa wengine waseme kwanza kwa sababu nina msimamo.

Mama wa Darasa la Nne

Mimi si mwandishi, ni mzazi wa Mombasa. Niseme ninavyonunua. Dukani naangalia jina la mwandishi, maana mwanangu akipenda kitabu kimoja nataka kingine cha mtu yule yule. Nikikuta jina lile lile kwenye riwaya ya watu wazima rafuni, na jalada halisemi kitu, naweza kumnunulia mtoto nikiwa na haraka. Nisingefurahi. Lakini mimi mwenyewe nikijua kwamba mwandishi anayempenda mwanangu ameandika na cha kwangu, ningekinunua siku hiyo hiyo. Kwa hiyo msitufiche, tuonyesheni tu kipi ni kipi.

Maalim wa Mkomani

Naunga mkono jina moja. Amu ni mji mdogo. Lakabu haitapita sala ya alasiri kabla haijajulikana mwenyewe nani. Kisha watu watauliza alikuwa anaficha nini, na hapo riwaya nzuri itasomwa kwa jicho baya.

Tena tuna mfano wetu wenyewe. Mshairi wetu wa kale Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alimweleza mambo ya ndoa, ya nyumba na ya dini kwa jina lake, pamoja na maradhi yake. Hakuna aliyempa kibali. Ulinakiliwa kwa mkono nyumba hadi nyumba kabla ya kufika kwenye chapa. Watu wa mji huu wamezoea maandishi ya watu wazima yanayotoka kwa mwandishi hadi kwa msomaji bila mtu wa katikati. La muhimu ni adabu ya lugha. Mambo mazito yana namna yake ya kusemwa.

Ila nakuomba Bi, usije ukauza riwaya siku za Maulidi pale mbele ya msikiti wa Riyadha.

Kalamu ya Langoni (Amu)

Maalim, la Maulidi nakubaliana nawe na sijawahi kufikiria kufanya hivyo. Wageni wanaokuja wana shughuli yao. Tamasha la utamaduni la Novemba ndilo mahali pa meza ya vitabu, watu wamekuja kutazama kazi za mikono na mashairi, na kitabu kinakaa vizuri kando ya mikeka na kofia.

Kuhusu jina, sikubaliani nawe kabisa, Maalim, ingawa hoja yako ya mji mdogo ni kweli. Mimi nimetumia majina mawili yanayojulikana yote kuwa yangu. Vitabu vya watoto vina jina la shule, lile walimu wanalolijua. Riwaya ina jina la ukoo wa mamangu. Nyuma ya jalada nimeeleza wazi kwamba mwandishi huyu pia huandikia watoto, na mbele, chini ya kichwa, mna maneno "kwa wasomaji watu wazima". Lengo langu ni rafu na orodha za oda. Mwalimu anayeagiza kwa simu kwa kutaja jina, au muuza duka anayetafuta kwenye kompyuta, asiletewe kitabu kisicho chake. Mama wa Mombasa amelisema vizuri kuliko mimi.

Kijana wa Malindi, kwa kitabu chako chenye mambo ya ufukweni ningefanya vivyo hivyo, na ningemwarifu mchapishaji wako mapema. Akilisikia kwa mwalimu mkuu aliyekasirika itakuwa vibaya zaidi.

Mpanga Kurasa (Mombasa)

Nawasalimu. Mimi napanga kurasa za vitabu, naomba nizungumzie upande wa chapa maana ndipo pesa nyingi za waandishi zinapopotelea.

Kwanza, anayetoka kwenye vitabu vya watoto huja na mazoea ya kurasa 32 za rangi, karatasi nzito ya kung'aa, kitabu kimefungwa kwa pini. Riwaya ni kitu kingine. Ndani ni nyeusi tupu, karatasi ya gramu 70 au 80, ikiwezekana ya rangi ya maziwa kwa sababu nyeupe sana huchosha macho, na mgongo hugundishwa kwa gamu. Acha pambizo ya ndani iwe pana. Nimeona riwaya ambazo msomaji lazima akipasue kitabu ili asome maneno ya katikati.

Pili, kwenye chapa kubwa ya ofseti kurasa huchapwa kwa mafungu ya 16. Kitabu chako kikiwa na kurasa 194, unalipia fungu jingine kwa ajili ya kurasa mbili. Mwambie mpangaji apunguze hadi 192, ni kazi ndogo tu ya kubana nafasi.

Tatu, ofseti hupunguza bei kwa nakala ukichapa nyingi, ila fedha yako yote inakaa kwenye katoni. Chapa ya kidijitali ni ghali kidogo kwa nakala lakini unaweza kuchapa hamsini, ukauza, ukachapa tena. Kwa riwaya ya kwanza mimi humshauri mtu aanze na dijitali hata kama faida ni ndogo. Ukienda River Road kule Nairobi utaambiwa bei tamu ya nakala elfu moja. Jiulize hizo elfu utaziweka wapi, hasa wewe uliyeko kisiwani na chumvi hiyo.

Na daima, daima, dai nakala moja ya majaribio uishike mkononi kabla hawajaendelea. Kwenye skrini kila jalada ni zuri.

Mwenye Duka la Vitabu (Mombasa)

Salaam. Waandishi wanaojichapishia huja dukani kwangu wakiwa na moyo mkunjufu na bila karatasi yoyote. Ninachohitaji ni hiki. Kichwa na jina viandikwe kwenye mgongo wa kitabu, la sivyo kikiingia rafuni kimepotea. Alama ya mistari yenye ISBN nyuma. Barua ya kupokelea inayosema nakala ngapi, bei gani, asilimia ngapi yangu, na lini tutahesabiana. Mimi huchukua kwa mali kauli: kikiuzwa nakulipa, kisipouzwa unakirudisha. Mwandishi aliyezoea mchapishaji hakujua hata kama kuna mtu aliyekuwa akifuatilia haya, na huona haya kunipigia kudai chake. Asione haya. Piga simu mwisho wa kila mwezi.

Na bei ya rafuni iwe moja kila mahali. Ukiuza nyumbani kwako kwa 400 na kwangu ni 600, mteja wangu atakufuata wewe, nami nitakirudisha kitabu. Kumbukeni pia kwamba tangu 2013 vitabu vina VAT ya asilimia 16 hapa Kenya. Mpiga chapa akikutajia bei, uliza kama imo ndani au itakuja juu yake.

Nairobi kuna duka la vitabu la Nuria, wao wanapokea sana vitabu vya waandishi wanaojichapishia na wanatuma nchi nzima. Si ushindani kwangu, nawatajia kwa sababu msomaji wa Eldoret hataji Mombasa.

Msomaji wa Shela

Nimekisoma kitabu chako, Bi. Pale bibi anapomwambia mkwewe kuhusu fidia ya wavuvi, nilimsomea mamangu kwa sauti. Yeye hasomi sana, macho yamechoka. Akataka nimalizie sura yote. Naomba uifanye ya kusikilizwa, wako wengi kama yeye.

Kalamu ya Langoni (Amu)

Mwanangu, umenifurahisha sana, msalimie mama. Jambo hilo nimelianza. Nasoma mwenyewe, sura moja moja, narekodi kwa simu usiku mji ukitulia, maana mchana punda na pikipiki haziniachi. Mji wetu ulisikia tenzi kabla ya kuzisoma, na naamini riwaya nayo inaweza kupita njia hiyo. Kumbukeni tu, waandishi: kama kitabu ni cha mchapishaji, haki ya kurekodi sauti inaweza kuwa yake. Vitabu vyangu vya watoto siwezi kuvisoma hadharani na kuviuza bila kuomba. Riwaya hii naweza, kwa sababu kila haki imebaki kwangu. Hili peke yake lingetosha kunifanya nijichapishie tena.

Mpanga Kurasa na Mwenye Duka, Mungu awalipe. Mengi mliyoyataja hulipiwa kwa machozi na anayeyakosa.

Riwaya Pendwa (Dar)

Swali moja, dada. PDF. Yangu ilivuja Telegram wiki ya pili. Wewe umejilinda vipi?

Kalamu ya Langoni (Amu)

Sijatoa PDF kabisa, kaka. Karatasi na sauti tu kwa sasa. Wanaopitia nakala kabla ya chapa niliwapa iliyochapwa, kila moja na jina la anayeisoma juu ya ukurasa wa kwanza. Mtu hasambazi kirahisi kitu chenye jina lake. Najua wewe unayeuza sura kwa sura huwezi kufanya hivyo. Pengine kwako dawa ni kuwahi: sura mpya iwafikie waliolipa kabla ya mwizi, na wao waone faida ya kuwa kundini, wanakuuliza, unawajibu, wanapendekeza. Nakala iliyoibwa haina mazungumzo.

Kijana wa Malindi

Mwalimu, nimefuata ushauri nikatoa mkataba wangu. Kifungu kinasema nitampa mchapishaji nafasi ya kwanza ya kuuona "mswada unaofuata wa mwandishi". Hakijasema wa watoto wala wa watu wazima, na hakijataja muda. Nimekwama?

Kalamu ya Langoni (Amu)

Hujakwama. Kifungu cha namna hiyo kinampa nafasi ya kuona kwanza. Soma vizuri kama kinakulazimisha pia kukubali masharti yake, maana hayo ni mambo mawili. Kama ni kuona tu, mpe aone. Andika barua pepe fupi yenye heshima: una riwaya ya watu wazima, inahusu hiki, ina maneno kadhaa, unaituma kwa mujibu wa kifungu namba fulani, na unaomba jibu ndani ya siku 60. Ambatisha muhtasari na sura tatu za kwanza. Waeleze pia kwamba wasipoihitaji unakusudia kuichapisha mwenyewe kwa jina jingine, na kwamba vitabu vya watoto utaendelea kuwaletea kama kawaida. Wakikataa, omba wakuandikie kwamba wameuachia mswada huo. Barua hiyo iweke pamoja na mkataba.

Wakinyamaza, wakumbushe kwa maandishi, halafu kabla ya kuchapa mtafute wakili akisome kifungu hicho, ukurasa mmoja tu hautakuwa ghali. KECOBO nao ukiwaendea na mkataba mkononi watakueleza haki zako.

Na wakiipenda, usikatae kwa sababu ya uzi huu. Sikiliza wanachotoa, uliza watabadilisha nini kwenye hadithi ya vijana wako, kisha uamue. Ukishaituma barua, njoo utuambie walivyojibu, na ulete sura ya kwanza tuisome.